Maswali ya Wasomaji: Mkia wa Foklifti, Gunia la Kilo 50 na Raki Iliyopinda

SWALI: Habari Anko. Nimepandishwa juzijuzi kuwa supavaiza wa shifti ya jioni kwenye ghala, tuna foklifti (zile gari za uma za kunyanyulia mizigo) na makuli wa kutosha. Wiki iliyopita foklifti ilikuwa inakata kona, mkia wake ukampitia jamaa aliyekuwa kainama anahesabu maboksi, bahati alikuwa na buti za chuma akaishia kuchubuka. Meneja kasema ni uzembe wetu, kanunulia watu wote riflekta na kabandika mabango ya USALAMA KWANZA. Jana tena mtu kakoswakoswa palepale. Nianzie wapi?
*Supavaiza mpya*

JIBU: Hongera kwa cheo na pole kwa kilichokuja nacho. Riflekta ni nzuri, sikatai, ila iangalie hiyo ajali yenyewe, jamaa aliguswa na mkia, sio na uma wa mbele. Foklifti inakata kona kwa magurudumu ya nyuma, sio kama gari, kwahiyo dereva akikata kulia mkia unafagia kushoto, na huko nyuma ndo limekaa lile pande zito la chuma la kusawazisha mzigo. Foklifti ya kunyanyua tani mbili na nusu yenyewe inaweza kuwa na uzito wa karibu tani nne. Mtu akibanwa kati ya mkia na raki (zile shelfu za chuma za kupangia mizigo), riflekta inamsaidia nini? Na dereva alikuwa anatazama anakoenda, mkia uko mgongoni kwake.

Sasa meneja anauliza nani mzembe. We jiulize hivi: yule mhesabuji na ile foklifti walikuwa wanafanya nini sehemu moja kwa wakati mmoja? Hapo ndo pa kuanzia. Hesabu inaweza kufanyika kabla foklifti hazijawashwa, au ile njia ikafungwa mnyororo pande zote mbili mpaka mhesabuji atoke, haina gharama hiyo. Kwenye njia ya miguu weka vyuma vya kuzuia, usitegemee rangi peke yake, maana rangi ya njano haijawahi kusimamisha foklifti, na maghala mengine mistari imechorwa vizuri kabisa afu juu yake wamepanga paleti (zile fremu za kuwekea mizigo), watu watapita wapi sasa? Mlango wa watu na wa mashine navyo vitenganishwe. Watu wa usalama kazini wana mpangilio wao: kwanza iondoe hatari, ukishindwa badilisha kitu au njia ya kufanyia kazi, ukishindwa weka kizuizi, baada ya hapo ndo zinakuja sheria na mafunzo na mabango, vitu vya kuvaa vinafunga foleni. Meneja wako kaanzia nyuma ya foleni.

Fanya hivi, shifti moja simama karibu na hiyo kona, sehemu salama, usimkemee mtu, we angalia tu. Nakuhakikishia utakuta watu wanakatiza pale kwa sababu fulani, labda maji ya kunywa yako ng'ambo, au choo, au ndo kuna meza ya kusainia karatasi. Hamisha meza. Utashangaa hiyo peke yake inavyopunguza watu kupita. Kama kona ni kipofu funga kile kioo cha duara kilichobinuka, spidi iwe ya mtu anayetembea, uma ukae chini sentimita 15 hivi kutoka sakafuni, na mzigo ukimziba dereva mbele aende rivasi huku anaangalia anakokwenda.

Afu kuna haraka, na hili wengi wanalikwepa. Lori linasubiri, dereva wake anapiga honi, meneja anapiga simu, hapo dereva wa foklifti hata umpe mafunzo mwezi mzima atakata kona mbio tu. Kama kuna bonasi ya kumaliza mapema, basi mnalipa watu wakimbie, ongea na meneja hapo kabla ya kununua bango lingine. Na upande wa kupakilia, weka kabari kwenye tairi za lori na funguo za lori zikae kwako mpaka upakuaji uishe, kuna watu wameanguka na foklifti yao kwa sababu lori liliondoka wao wakiwa ndo wanaingia nayo.

La mwisho, hao wa kukoswakoswa. Anzisha daftari, mtu aandike wapi, saa ngapi, ilikuwaje, bila kutaja jina. Siku utakayomkata mtu hela kwa alichoandika, daftari linakufa na utabaki unasubiri mtu aumie ndo ujue.

SWALI: Anko shikamoo. Mi ni kuli, tunashusha magunia ya kilo 50, mgongo unaniuma kila nikiamka. Bosi kaniambia ninunue ule mkanda mpana wa mgongo kwa hela yangu. Unasaidia kweli? Na kilo ngapi ndo halali mtu kubeba?
*Mbeba magunia*

JIBU: Marahaba. Usinunue. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, ambayo kazi yake ni kuchunguza mambo haya, ilitoa ripoti 1994 ikasema hamna ushahidi wa kutosha kwamba ile mikanda inazuia kuumia kwa mtu ambaye mgongo wake bado hauna tatizo. Shida yake inakupa kiburi, unajiona umekaza unanyanyua zaidi.

Kuhusu kilo, NIOSH haohao wanaanzia na 23, na hizo ni pale kila kitu kimekaa sawa: mzigo uko karibu na mwili, huinami sana, hujipindi, una pa kushika, hurudii mara nyingi. Kikiharibika kimoja namba inashuka, vikiharibika vitatu inashuka sana. Muongozo wa Uingereza unataja 25 kwa mwanaume na 16 kwa mwanamke, tena usawa wa kiuno. Wapo watakaokutajia kilo 55 za Shirika la Kazi Duniani, hizo ni za pendekezo la 1967, na hata hapo lilisema ndo kiwango cha juu cha mwanaume mzima. Kwahiyo gunia lako la 50 unalolitoa sakafuni ni zaidi ya mara mbili ya kile ambacho wataalamu wanakiita mwanzo.

Kinachosaidia ni gunia lisikae sakafuni. Weka paleti tupu mbili tatu chini ya rundo, gunia la chini kabisa likawa usawa wa goti, mgongo utakushukuru siku hiyohiyo. Toroli na jeki ya paleti vitumike, na usukume usivute. Ukigeuka na mzigo, geuza miguu, usibaki miguu huku kiuno kule, hapo kwenye kujipinda ndo wengi wanaposikia "kak". Zamu nazo zibadilishwe, mtu asishushe kutwa nzima. Na hiyo ya kununua kwa hela yako, hata kama sheria yenu haijaligusa, mwambie bosi vizuri tu kwamba Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi.

Ila sikia, ukianza kupata ganzi kati ya mapaja, au miguu inalegea, au mkojo unakataa au unatoka wenyewe, hiyo sio ya kusubiri kesho wala ya kuchuliwa, nenda hospitali saa hiyohiyo.

SWALI: Naendesha foklifti ya kukaa. Washkaji wanasema ikianza kulala ruka haraka, ni kweli? Afu kuna nguzo ya raki imegongwa imepinda, supavaiza anasema hiyo kawaida tuendelee kupanga. Naweza kukataa?
*Dereva mwenye wasiwasi*

JIBU: Usiruke. Wanaoruka ndo wanaokutwa na lile paa la chuma juu yao, manake foklifti inalala haraka kuliko unavyodhani na mara nyingi unarukia upande uleule. Funga mkanda, ng'ang'ania usukani, kaza miguu, egemea upande ambao haiangukii. Zile za kusimama zinazofunguka nyuma ndo tofauti, hizo unashuka kwa nyuma. Na usidhani ikiwa tupu iko salama. Foklifti imesimama kwenye pembetatu, magurudumu mawili ya mbele na katikati ya ekseli ya nyuma, ukikata kona mbio uma ukiwa juu, uzito wake unatoka nje ya hiyo pembetatu hata kama hujabeba kitu.

Raki sasa. "Kawaida" ya supavaiza inapimika. Chukua rula iliyonyooka ya mita moja, iegemeze kwenye nguzo pale ilipobonyea, pima nafasi iliyobaki kati. Wakaguzi wa Ulaya wanakubali isizidi milimita 5 kama imepinda kuelekea upande wa boriti (kile chuma cha kulala kinachobeba mzigo), na 3 kama imepinda kuelekea kina cha raki, yaani mbele au nyuma. Ikizidi, ukishusha mzigo hurudishi mpaka itengenezwe. Ikifika mara mbili ya hapo, mzigo unashushwa sasa hivi. Na asije mtu na nyundo akainyoosha, chuma kilichopinda kikanyooshwa hakina nguvu ileile, nguzo inabadilishwa. Ukiwa hapo angalia na zile pini za kufunga boriti, zikikosekana uma ukigusa boriti kwa chini inachomoka.

Kukataa: ule mkataba wa 155 unamlinda mfanyakazi aliyejitoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu akiwa na sababu ya msingi, na tangu Juni 2022 usalama kazini umeingizwa kwenye haki za msingi za kazi. Utekelezaji unategemea sheria ya nchi yako, kwahiyo usikatae kwa mdomo tu. Piga picha rula ikiwa pale kwenye nguzo, namba ya raki ionekane, mtumie supavaiza na meneja kwa maandishi, omba hizo nafasi mbili za kulia na kushoto kwa nguzo zishushwe mzigo na zifungwe utepe mpaka fundi wa raki afike.