Kula cha Wodini Huku Unaota Antaktika

Moja ya maswali ya kwanza utakayoulizwa na nesi baada ya kupasuliwa tumbo ni kama umejamba. Atakuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, mgonjwa wa kitanda cha pili akisikia na wageni wake wakisikia. Utaona haya, lakini ukishajua sababu utaingoja hiyo hewa kama mtu anavyongoja mshahara. Utumbo ukishashikwashikwa, na mwili ukiwa bado na dawa za usingizi na za maumivu, husimama kufanya kazi kwa muda. Hewa ikitoka ni dalili kwamba umeanza kusukuma tena. Kwa wengine madaktari siku hizi hawangoji hata hiyo, wanakupa kula mapema, kidogo kidogo. Fuata utakachoambiwa wewe, si alichoambiwa jirani yako.

Mimi nilitolewa kipande cha utumbo. Nimepona, natembea, nafanya kazi zangu, na kila anayejua kwamba naye anasubiri operesheni huniuliza mambo mawili: chakula cha kule kikoje, na siku zinapitaje pale kitandani. Kwangu majibu ya maswali hayo hayatenganiki, maana kilichonifanya nile ni meli ambayo hadi leo sijaipanda.

Tuanze na chakula. Kinasemwa vibaya kila mahali, na mengi ya yanayosemwa ni kweli. Trei inakuja imefunikwa. Ukiinua kifuniko, matone ya mvuke yaliyojikusanya chini yake yanadondokea mkate, nao unalowa kabla hujaugusa. Pembeni kuna jeli inayotikisika kila mtu akipita, na kijikaratasi chenye jina lako na neno moja: laini. (Jeli nimeisamehe mengi, lakini rangi ile ya kijani siwezi.) Ila kabla hujamlaumu mpishi, ujue sehemu kubwa ya tatizo iko mdomoni mwako mwenyewe. Dawa zinaacha ladha ya chuma ulimini, mpira uliopitishwa puani umekausha koo, na mtu aliyekesha hana chakula kitakachompanda.

Kwa hiyo usingoje hamu. Hamu huja baada ya kula siku kadhaa, haitangulii. Nilichojifunza ni kuanza na kile kinachojenga mwili: yai, kuku, samaki, maziwa, maharage kama daktari ameruhusu. Tumbo lililotoka kupasuliwa linajaa haraka, na ukilijaza supu ya maji matupu hutapata nafasi ya yai. Wanaopona kutokana na upasuaji mkubwa kwa kawaida hushauriwa kupata gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 70 anahitaji basi gramu 84 hadi 105, na yai moja lina kama gramu 6 tu. Piga hesabu uone jinsi vijiko viwili vya uji visivyokufikisha popote. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii bila kuuliza, kwake kipimo ni kingine.

Kama kichefuchefu kinakusumbua, omba vitu vya baridi. Chakula cha moto kinatoa harufu, na mara nyingi ni harufu inayokushinda kabla ya ladha. Kula umekaa kwenye kiti kama unaweza kukaa. Kile ambacho hukukimaliza, kama ni kitu kisichoharibika, omba kiachwe karibu yako, ukidokoe baadaye. Lakini tumbo likivimba na kuwa gumu, au ukianza kutapika, acha kula na umwite nesi. Hapo si suala la kujikaza.

Sasa nije kwenye barafu. Simu yangu ilikuwa imejaa habari za safari za Ncha ya Kusini, na nadhani ni joto la wodi na ile harufu ya dawa ya kusafishia sakafu vilivyonifanya nitamani mahali pa baridi kali pasipo na kengele wala taa ya usiku. Nilisoma kila nilichokipata. Na nilichokikuta humo ni chakula, tena chakula cha wagonjwa.

Mwaka 1898 meli ya Belgica, iliyoongozwa na Adrien de Gerlache wa Ubelgiji, ilinaswa na barafu ya Antaktika na kukaa humo zaidi ya mwaka. Jua lilipotea kwa wiki nyingi. Wakaanza kuugua kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Daktari wao, Mmarekani Frederick Cook, aliwataka wale nyama mbichi mbichi ya pengwini na sili, na wengi waliikataa kwa sababu ya ladha. Kiongozi wao mwenyewe alikuwa haitaki kabisa. Waliokubali kuila walianza kupata nafuu, na mwishowe hata de Gerlache akala. Kijana mmoja aliyekuwa ndani ya meli hiyo, Roald Amundsen, ndiye aliyekuja kufika Ncha ya Kusini wa kwanza mwaka 1911. Niliposoma hayo nilitazama yai langu la kuchemsha lililopoa. Lilikuwa zuri kuliko pengwini.

Kiseyeye kina jambo jingine ambalo kila aliyeshonwa anafaa kulijua. Mwili unahitaji vitamini C kutengeneza kolajeni, nyuzi zinazoshika kovu pamoja, na kazi hiyo haiishi siku ya kutolewa nyuzi za daktari. Kovu hufumwa upya maisha yote. Katika habari za safari ya Mwingereza George Anson, aliyezunguka dunia kati ya 1740 na 1744, kuna askari mzee aliyekuwa amejeruhiwa vitani miaka 50 nyuma. Alipoishiwa vitamini hiyo, makovu yake ya zamani yalifunguka. Tangu nisome hayo, chungwa linaloletwa na mgeni silikatai. Na wewe ukienda kumtazama mgonjwa, uliza kwanza anaruhusiwa nini, halafu mpelekee tunda badala ya biskuti.

Kutembea nako nimekuta huko huko. Cook aliwafanya wale mabaharia wazunguke meli kwa miguu juu ya barafu, mzunguko baada ya mzunguko, wasije wakaoza kwa kulala. Korido ya wodi ndiyo hiyo hiyo. Unashika stendi ya dripu, unakwenda hadi dirishani, unarudi. Kutembea mapema kunaamsha utumbo, kunafungua mapafu, na kunapunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Ukitaka kukohoa au kucheka, kumbatia mto juu ya mshono. Kuamka kitandani usijiinue kwa tumbo: geukia ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Mtu wa fiziotherapia alinirudishia somo hilo mpaka nikachoka naye, na baadaye nikagundua kwamba ndivyo unavyoshuka kwenye boti ya mpira huko Antaktika: unakaa ukingoni, unageuka, unatupa miguu nje, unasimama kwenye maji ya baridi yanayofika kwenye muundi.

Hapa ndipo ushauri wangu unapotofautiana na ule wa “fikiria mambo mazuri”. Kuota umelala ufukweni hakukudai chochote, tayari umelala. Chagua safari inayouliza maswali mwilini. Unaweza kupanda ngazi ya meli inayoyumba? Unaweza kuvaa buti na suruali nzito bila kuinamishwa na maumivu? Unaweza kusimama saa nzima kwenye theluji? Nilikuwa na majibu ya hapana kwa yote, lakini angalau nilijua ninafanya mazoezi ya nini. Wenye ndoto ya mlima watapata yao huko, mimi mlima sina haja nao.

Ndoto hiyo hiyo pia inakufunza subira, kwa sababu ukiichunguza inakukataza kuondoka mapema. Meli nyingi za watalii huanzia Ushuaia, Argentina, na kuvuka Mlango wa Drake, bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika, kwa siku kama 2 kwenda na nyingine 2 kurudi. Bahari hiyo ikichafuka, watu wanatapika sana. Sasa fikiria kutapika hivyo na mshono mbichi tumboni. Huko ndiko ngiri inakopatikana, yaani utumbo kusukumwa nje kupitia mshono uliolegea. Ngozi iliyokatwa hairudishi nguvu zake zote hata siku moja: baada ya wiki 3 ina kama asilimia 20 hadi 30, na baada ya miezi 3 hufika karibu asilimia 80, hapo inakaa. Kabla ya meli kuna ndege nayo, ambamo hewa iliyobaki tumboni hutanuka kwa karibu theluthi, na miguu inakaa bila kusogea kwa saa nyingi. Tarehe ya kuruka muulize daktari aliyekupasua, maana inategemea alichofanya humo ndani.

Msimu wa kule ni Novemba hadi Machi. Vifaranga vya pengwini huonekana kuanzia mwisho wa Desemba na Januari, nyangumi ni wengi zaidi Februari na Machi. Waandaaji wa safari walio katika jumuiya yao ya kimataifa, IAATO, iliyoundwa mwaka 1991, hawashushi zaidi ya abiria 100 ufukoni kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Kwa hiyo kama unataka kukanyaga barafu, tafuta meli ndogo; kama mwili wako unataka kutazama tu kutoka dirishani, ile kubwa inayumba kidogo kuliko ndogo na si aibu kuipanda.

Ukiwa umetoka hospitali karibuni, binafsi ningekwambia uanze na Aktiki, upande wa Ncha ya Kaskazini. Longyearbyen, kwenye visiwa vya Svalbard vya Norwei, iko nyuzi 78 kaskazini, lakini ina uwanja wa ndege wenye safari za kawaida na hospitali ndogo. Antaktika huna hivyo. Meli ina daktari na chumba chake cha matibabu, na ukizidiwa zaidi ya hapo ni kungoja hali ya hewa. Mwaka 1961 daktari wa Kisovieti, Leonid Rogozov, alishikwa na kidole tumbo katika kituo cha Novolazarevskaya akiwa ndiye daktari pekee. Alijipasua mwenyewe kwa ganzi, wenzake wakimshikia kioo. Baada ya wiki 2 alikuwa amerudi kazini, na mimi kwa wiki 2 nilikuwa bado nagombana na ngazi.

Ndiyo maana bima iwe jambo la kwanza unalolishughulikia. Soma kipengele cha kusafirishwa kwa dharura na uangalie kama kinataja maeneo ya ncha, maana bima nyingi za kawaida haziyagusi. Operesheni uitaje, hata kama umepona na hata kama italeta malipo ya juu. Ukiificha, siku utakapohitaji kubebwa ndiyo siku watakayoigundua. Kampuni za meli nazo hutaka fomu ijazwe na daktari wako. Omba muhtasari wa upasuaji kwa maandishi kabla hujatoka wodini, wakati faili liko mezani, kwa sababu ukiondoka utalitafuta miezi. Wangu nimeutoa nakala mbili. Moja itakaa na dawa kwenye mkoba wa mkononi, nyingine kwenye sanduku, na fomu ya meli iko kwa daktari akisubiri kunipima mara ya mwisho kabla hajaitia sahihi.