Kabla hujasoma damu ya kuku, mshike nyonga

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye mabanda ya kuku wa majaribio, hasa mnaokuja huku Mtwara moja kwa moja kutoka chuoni, nina jambo la kuwaambia. Lilinigharimu kazi ya siku nzima.

Wiki zangu za mwanzo nilitoa damu kwa kuku 12. Nilipoizungusha kwenye sentrifuji, mashine inayotenganisha chembe za damu na maji yake, mirija minne ilitoka na plazima (hayo maji ya damu) nzito ya manjano, kama tui la nazi lililotiwa bizari. Mingine ilikuwa angavu. Nikaamua ile minne imeharibika, nikaimwaga. Mzee aliyekuwa akitufundisha alinikuta naosha mirija, akauliza, "Uliwashika nyonga?" Sikuelewa. Akanipeleka bandani, akamkamata mmoja wa wale wanne na kuvielekeza vidole vyangu chini ya mkia, pale mifupa miwili ya nyonga inapochomoza. Vidole vitatu vilipita katikati. Kwa tetea wa pembeni, hata kidole kimoja kilibanwa.

"Huyu anataga, mwanangu. Ulichomwaga ni kiini cha yai kikiwa safarini."

Ndivyo ilivyo. Kuku akikaribia kutaga, estrojeni, homoni ya kike, hulichochea ini kutengeneza mafuta na protini za kiini, navyo hupita kwenye damu kuelekea ovari. Kalsiamu nayo hupanda, kwa kuwa ganda moja hubeba takriban gramu 2 za madini hayo. Kwa jogoo, au tetea ambaye hajaanza kutaga, utakuta kalsiamu karibu miligramu 10 kwa desilita. Koo anayetaga hufika 20 hadi 30. Ukimpima kwa kipimo cha jogoo, utaandika ugonjwa ambao haupo. Na kalsiamu msiipime kwenye mrija wenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, maana EDTA huikamata yote. Tumieni heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, au seramu, yaani maji yanayobaki damu ikishaganda.

Kwenye chembe nyekundu, jogoo ndiye anayeongoza. Testosteroni, homoni ya kiume, huhimiza chembe hizo zitengenezwe, hivyo hemoglobini (protini ya chembe hizo inayobeba oksijeni) na ujazo wa chembe zake huwa juu kuliko vya koo. Jogoo akihasiwa, hushuka hadi kulingana na majike. Ndiyo maana vifaranga madume na majike hawapishani sana; pengo hufunguka wanapobalehe. Kuandika "dume" peke yake hakutoshi, andikeni na umri kwa wiki. Kifaranga aliyeanguliwa leo ana joto la mwili karibu nyuzi 39, na huchukua siku kadhaa kufikia 41 au 42 za mkubwa, msimwite mgonjwa. Kimeng'enya cha alkalini fosfatasi nacho huwa juu kwa anayekua, kwa sababu mifupa inajengwa.

Umri ndio unaoamua hata kiasi cha damu. Sisi hatuvuki asilimia 1 ya uzito: kuku wa kilo 1.5 ni mililita 15, kifaranga wa gramu 40 ni mililita 0.4 tu. Mshikeni bila kumbana kifua. Kuku hana kiwambo kama chetu, hupumua kwa kuinua na kushusha kifua, na ukikikandamiza atakufia mkononi.

Kosa linalonisumbua zaidi ni hili, maana halionekani. Majike watulivu hukamatwa kwanza, majogoo wanakimbizwa banda zima na kushikwa mwisho. Kufikia hapo homoni za hofu zimepanda na sukari ya damu imeyumba, halafu mtu anaandika kwamba tofauti ni ya jinsia. Changanyeni zamu: jogoo, koo, tetea, jogoo. Anzeni saa kumi na mbili asubuhi, kabla joto la pwani halijapanda, kwa sababu kuku anayetweta hupoteza kaboni dioksidi nyingi na damu yake huelekea upande wa alkali.

Damu yenyewe msiipeleke kwenye mashine ya kuhesabia damu ya binadamu. Chembe nyekundu za kuku, tofauti na zetu, zina viini vya seli (nyuklia), na mashine itazichanganya na nyeupe. Kaeni na hadubini, mhesabu.

Kwenye daftari letu sasa, kabla ya safu ya hemoglobini, kuna nne nyingine: umri kwa wiki, jinsia, saa aliyokamatwa, na vidole vya nyonga. Safu hiyo ya nne ikiwa tupu kwa jike yeyote, sampuli yake haiingii kwenye sentrifuji. Tunarudi bandani kumshika.