Sauerbraten ikiwa chachu mno na ngumu

Dada, umeuliza kwa nini Sauerbraten yako, ile nyama ya ng'ombe ya Kijerumani inayolowekwa kwenye siki kabla ya kupikwa, imekuwa chachu na ngumu. Kwa hayo uliyoeleza (kuiloweka kwenye siki tupu siku nne, kisha kuipika saa moja) tatizo si nyama. Siki lazima uichanganye: kikombe kimoja cha siki ya zabibu kwa viwili vya maji, au kimoja cha maji na kimoja cha divai nyekundu. Tia vitunguu, karoti, karafuu, pilipili manga na punje za mreteni ukizipata. Siku nne kwenye friji zinatosha kabisa, ila tumia bakuli la kioo. Sufuria ya alumini haifai hata kidogo, siki inaila na nyama inapata ladha ya chuma.

Siku ya kupika, ifute nyama iwe kavu, ndipo uikaange pande zote hadi iwe kahawia. Ikiwa na maji haikaangiki, inachemka tu. Kisha mimina nusu ya ile siki uliyochuja na nusu supu ya mifupa, funika, moto mdogo saa tatu kwa kilo moja na nusu. Uma ukiingia bila kusukumwa, imeiva.

Uchachu uliobaki watu wa Rhineland, magharibi mwa Ujerumani, huutuliza kwa zabibu kavu na biskuti za tangawizi zilizopondwa. Watu wa mji wa Aachen hutumia Printen, biskuti zao za viungo. Biskuti hizo ndizo pia zinazofanya mchuzi uwe mzito, kwa hiyo usitie unga. Mimi hapo ndipo ninapoipendea. Kula na kabichi nyekundu na madonge ya viazi.