Kabla hujapaka chochote mdomoni, jiulize umemeza nini

Dada, hiyo kremu ya kung'arisha uliyotoa soko la Owino usiifungue. Umesema madoa meusi kwenye mdomo wako wa chini yanafifia, halafu yanarudi palepale yakichoma. Hiyo ya kurudi palepale ndiyo imenishtua.

Langu lilianza hivyohivyo. Nilikuwa na kikohozi, nikanunua Septrin, vidonge vya kuua bakteria, dukani bila kuandikiwa na daktari, kama wengi tunavyofanya hapa Kampala. Usiku mdomo ukaanza kuwaka moto, asubuhi nikakuta duara la zambarau lenye lengelenge katikati. Likapona, likaacha weusi kama masizi. Baadaye nikaharisha, nikameza Septrin tena: doa lilelile, safari hii kubwa zaidi. Nikaenda kumwonyesha yule wa duka la dawa. Hakuniuliza hata swali moja! Akasema ni vijidudu, akanifungia Septrin nyingine. Mdomo ukavimba hadi uji ukanishinda, na madoa yakaongezeka. Wa saluni naye akaniuzia kremu ya kung'arisha nipake juu ya kidonda kibichi. Hasira haijaniisha. Mtu anauzaje dawa bila kuuliza mgonjwa amemeza nini?

Daktari wa ngozi aliniuliza hilo hata kabla ya kuwasha tochi. Mwili ukiikataa dawa fulani, kila ukiimeza doa huibuka mahali palepale, mdomoni au hata sehemu za siri, mara nyingi ndani ya saa chache. Dawa za salfa kama Septrin ni maarufu kwa hilo, lakini tetrasaiklini, metronidazoli, ibuprofeni na hata parasetamoli zimo. Kremu haigusi chanzo. Yenye zebaki huharibu figo, na haidrokwinoni ikitumika muda mrefu yenyewe hutia weusi.

Andika kila kidonge ulichomeza siku mbili kabla doa halijarudi, hata cha kichwa, hata dawa ya mitishamba, uende na karatasi hiyo kwa daktari. Kama unapewa Septrin ya kila siku pamoja na ARV, dawa za VVU, usiiache mwenyewe. Waonyeshe kliniki wakubadilishie. Sigara nayo hutia weusi, ila haileti lengelenge. Doa la zambarau lisilofifia, hasa likiwepo na kwenye kaakaa, lipimwe haraka. Na malengelenge yakisambaa mwilini, macho yakawa mekundu na homa ikapanda, panda boda usiku huohuo uende hospitali.