Kwa nini Bride of Frankenstein ya 1935 haichuji

Mkuu, umeuliza filamu ya mwaka 1935, isiyo na rangi, tena mwendelezo tu wa nyingine, ina nini hasa hata watu waisifie mpaka leo. Nimeitazama mara nyingi, peke yangu na mbele ya watu ambao hawakuwa na hamu nayo kabisa, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Ile ya kwanza, Frankenstein ya 1931, inatisha kwa kuwa jitu limeumbwa na limetoroka. Ya pili inatisha kwa kuwa jitu hilo sasa lina haja: linataka mwenzi. Wengi hudhani hilo lilibuniwa na studio ya Universal ili kuvuna hela zaidi, kumbe limo ndani ya riwaya ya Mary Shelley ya 1818. Humo kiumbe anamwomba muumba wake, mwanasayansi Frankenstein, amtengenezee mke, naye anaanza kazi, kisha anauharibu mwili ule kabla haujapata uhai. Mwongozaji James Whale mwanzoni hakutaka kabisa kufanya mwendelezo. Alipokubali, alilichukua ombi lile na kulifikisha mahali ambapo kitabu hakikufika: mke anazinduka.

Lakini kabla ya mke kuna kipofu, na hapo ndipo filamu inaponishika. Jitu limejeruhiwa, linakimbizwa na kijiji kizima, linasikia fidla msituni. Mzee asiyeona anafungua mlango, na kwa vile hauoni ule uso, anampokea mgeni kama mgeni anavyostahili kupokewa. Anampa chakula na mahali pa kulala, anamshukuru Mungu kwa kumletea rafiki. Jitu linalia. Baadaye anamfundisha maneno machache: mkate, divai, rafiki, zuri, baya. Kisha wanaingia wawindaji wawili wenye macho mazima, na yote yanaisha kwa moto.

Nilipowaonyesha wapwa zangu pale nyumbani, nusu saa ya kwanza walikuwa wakicheka mavazi na mayowe ya yule mtumishi Minnie. Ilipofika sehemu ya kipofu, kicheko kilikata. Hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Boris Karloff, aliyeigiza jitu, mwenyewe alipinga lipewe usemi, akiona litapoteza mvuto. Namheshimu sana, ila hapo sikubaliani naye. Bila yale maneno machache tungeliona jitu likiumia, lakini tusingejua kwamba linaelewa linachokosa. Na tazama kazi ya Jack Pierce, fundi wa vipodozi: nywele zimeungua na ngozi ina makovu, kwa sababu filamu ya kwanza iliishia kwenye kinu cha upepo kilichoteketea. Mwili wa jitu unakumbuka yaliyolipata, jambo ambalo filamu nyingi za mwendelezo leo hazijishughulishi nalo.

Sasa bibi harusi. Elsa Lanchester anaonekana kwa dakika chache tu mwishoni, lakini sura yake inatambuliwa hata na watu wasiowahi kuitazama filamu: nywele zimesimama juu, zimechorwa mistari myeupe kama radi pande zote mbili. Kabla hajasimama, muziki wa Franz Waxman unadunda kwa ngoma kama moyo unaojaribu kuanza, mitambo inarusha cheche, kamera inainama kushoto na kulia. Halafu anamwona aliyeandaliwa kwa ajili yake, anapiga ukelele.

Hapo mpwa wangu mmoja wa kike akauliza, "Mjomba, kwani huyu dada alikubali lini kuolewa?" Swali lake ndilo moyo wa filamu. Daktari Pretorius, mtu mwenye kiburi kuliko wote humo ndani, alipanga ndoa. Frankenstein aliitengeneza, ingawa kwa kushurutishwa. Jitu liliisubiri. Mwanamke hakuulizwa na yeyote, na ukelele wake ndilo jibu pekee aliloachiwa. Namhurumia yeye, nalihurumia na jitu linalonyoosha mkono kumgusa, na Whale hanilazimishi kuchagua upande. Filamu chache za kutisha zimewahi kunifanyia hivyo.

Ukitaka kuitazama, anza na ya 1931 usiku huo huo. Hakuna kati ya hizo mbili inayofika dakika 80. Usiruke utangulizi wa usiku wa mvua na radi, kwa sababu yule anayeigiza Mary Shelley pale ni Lanchester huyo huyo. Baada ya hapo tafuta Son of Frankenstein ya 1939. Karloff amerudi humo kwa mara yake ya mwisho kama jitu kwenye sinema hizi, ila wamemnyang'anya usemi, na utaona mwenyewe pengo lililobaki.