Vifaa vya tiba ya michezo kwa mtoto wa miaka 5
Pole sana dada kwa msiba, nimeona umeuliza ununue vifaa gani vya tiba ya michezo, yaani kumsaidia mtoto atoe yaliyo moyoni kwa kucheza. Kwa mtoto wa miaka 5 aliyenyamaza tangu babake afariki usihangaike kuagiza seti za bei mbaya mtandaoni, ingia Memorial hapo Moshi kwenye mitumba utafute wanasesere, vigari, wanyama wa plastiki, ongeza udongo na rangi na simu mbovu, hiyo simu usiidharau kabisa watoto huiambia mambo ambayo wewe hawakwambii 😅. Afu kuna njia ya wanasaikolojia Bernard na Louise Guerney wa Marekani, ya miaka ya 1960, mzazi ndo anafundishwa acheze na mwanae kama nusu saa kwa wiki, mtoto ndo anaongoza, we unataja tu unachoona, "naona umemfukia simba", hakuna maswali hakuna kumrekebisha, labda akitaka kukupiga ndo unamwekea mpaka kwa upole. Vitu hivyo vifiche mpaka siku ya kucheza. Ila kama mtoto halali usingizi au hali chakula, usisubiri, anzia kitengo cha afya ya akili hospitali ya KCMC hapo Moshi. Mwalimu wake wa chekechea mwambie aicheki mtandaoni Association for Play Therapy, chama cha tiba ya michezo cha Marekani, ni Kiingereza lakini.