Maswali na majibu: gia ya plastiki huharibikia kwenye kalibu

Nilichonga kalibu kwa kupima gia kuukuu ya blenda. Gia mpya inalegea na kupiga kelele. Nibadili plastiki? (Fundi, Dar es Salaam)

Plastiki haina kosa. Ulipima maiti. Gia ile meno yake yalishalika, nawe ukanakili ulikaji wake. Kisha asetali (plastiki ngumu ya gia, pia huitwa POM) ikipoa husinyaa karibu asilimia 2: gia ya milimita 40 inapungua kama milimita 0.8, na meno yanasinyaa pamoja nayo. Ukichonga kalibu kwa kisu cha moduli 1 (moduli ni kipimo cha ukubwa wa jino), haitatoka gia ya moduli 1. Kwa meno yaliyonyooka, hesabu meno ya gia zote mbili, pima umbali kati ya mihimili yao, zidisha kwa 2, gawanya kwa jumla ya meno. Kwa kawaida hiyo ndiyo moduli ya asili. Anzia hapo, ongeza kiasi cha kusinyaa, ndipo uchonge. Na kwenye shina la jino weka mviringo. Kona kali ndiyo mwanzo wa ufa.

Nikiongeza nyuzi za kioo gia itakuwa imara? (Nairobi)

Itakuwa ngumu, ila nyuzi hulala kufuata mtiririko, gia inasinyaa bila kulingana na kutoka na umbo la yai. Tena itamla mwenzake.

Meno hukatika upande uleule kila mara. Kwa nini? (Thika)

Mwezi uliopita nililetewa gia ya namna hiyo. Meno matatu yamekwenda, yote upande wa pili, mkabala na geti, yaani tundu la kuingizia plastiki kwenye kalibu. Niliikata kwa msumeno mwembamba: pale mikondo miwili ya plastiki ilipozunguka kitovu na kukutana kulikuwa na mshono mwembamba kama unywele, na ndani ya kitovu kinene kulikuwa na tundu tupu. Geti moja la pembeni ndilo lililoleta mshono huo, na pia hufanya gia iyumbe. Ingiza plastiki katikati, au kwa mageti matatu yaliyogawanywa sawasawa na mshono usiangukie shina la jino. Kitovu kipunguze unene. Kalibu ya asetali iwe na joto la nyuzi 80 hadi 100. Wanaoipoza haraka ili watoe vipande vingi kwa saa wanamuuzia mteja gia itakayoendelea kusinyaa ikiwa ndani ya mashine yake, na hilo ni kumdhulumu.

Lazima nikaushe nailoni? Umeme ghali.

Lazima! Nimeshajibu mara nyingi. Maji ndani ya silinda ya moto, mashine inamoyeyushia plastiki, hukatakata minyororo ya nailoni; ukiona michirizi ya fedha juu ya gia, imeshaharibika. Baada ya kutoka, nailoni 66 hufyonza unyevu wa hewa hadi karibu asilimia 2.5 ya uzito wake. Huo huifanya isivunjike kirahisi lakini pia huivimbisha, hivyo acha nafasi kati ya meno.

Gia mbili za asetali zinasagana. Nifanyeje?

Moja iwe nailoni, au pinioni (ile gia ndogo) iwe ya chuma kilichosuguliwa vizuri. Chuma huondoa joto.

Naweza kusaga mabaki nikarudia? (Mwanza)

Mabaki yako mwenyewe, safi, makavu, kiasi kidogo. Ya jalalani usiyaguse. Na usiruhusu PVC ikutane na asetali kwenye silinda. Asetali huvunjika ikatoa gesi ya formaldehaidi, shinikizo likapanda, plastiki ya moto ikaruka kutoka pua ya mashine. Ukibadili kutoka moja kwenda nyingine, safisha silinda kwa polietilini mpaka itoke nyeupe kabisa, na usisimame mbele ya pua.